Pia

Mahali pale kwenye goti panaitwa pia.
Utotoni pia ilikuwa ya mti wa mpera,
kamba, mkono, na vumbi la Barabara ya Kumi na Tatu:
ilizunguka mpaka ikasinzia imesimama.

Yangu ililala mwaka wa mvua zile,
mtaro umefunikwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa,
nami na jora la kitambaa kichwani.
Nilisikia ta, kama kifungo kinachokatika.
Nikasema, nitapoa.

Miaka tisa.

Nilikandwa kwa chumvi, nikafungwa vijiti vya mianzi,
mafuta ya mbarika, mafuta ambayo sikuambiwa ni ya mnyama gani.
Uvimbe ukaenda zake. Ufa ukabaki:
kidole cha shahada kililala ndani yake
kama kwenye kimfuko cha saa cha suruali ya zamani.
Ngazi nilizishuka kiubavu, kama kaa.
Cherehani niliiendesha kwa mguu wa kushoto peke yake,
na wateja wakazoea kuja kesho, na kesho kutwa.

Pale Bombo, Daktari Shemhilu aliinua picha dirishani.
Vipande viwili, na kati yake weusi.
"Mama Mwantumu, mfupa huu umesahau kwamba ulivunjika.
Kila upande umejiotea ngozi, ukajiona mzima.
Nikiuunga hivi hivi, hautashika.
Itabidi niukwangue mpaka utoe damu, ukumbuke."

Nikamtazama Mbaraka, kakaa benchini, kofia mapajani.
Vyumba viwili, ukumbi mmoja, mwaka wa sita huu.
Hakunitazama.

Wahenga walituonya juu ya ufa na ukuta.
Hawakumsema mtu aliyekwisha kujenga ukuta ndani ya ufa,
ambaye fundi hana budi aanze kwa kumbomolea.

Sindano ya uti wa mgongo ikanipokonya miguu;
nikabaki na masikio.
Nyuma ya pazia la kijani nilisikia ufundi ninaoujua:
kukwangua, kuvuta, "shika hapo", mkasi.
Msuli wa paja ulikuwa umerudi, kama marekani iliyofuliwa.
Wakaurefusha kwa mikato midogo, wakauvuta taratibu,
ndipo vipande vikafikiana.
Pini mbili. Waya ukapita nyuma, ukaja mbele, ukakatizana,
namba nane, alisema, namba nane iliyolala.
Nilitamani kumwambia: fundo lifiche ndani, daktari,
fundo la nje hukwaruza.
Nikamwambia. Pazia likacheka.

Kisha ikaja hesabu.
Sikujua kwamba goti nalo hupimwa kwa nyuzi.
Semgaya, kijana wa mazoezi, ana kipimo kama cha mwashi.
Thelathini. Juma la pili thelathini na tano, na machozi.
Samaki mkunje angali mbichi;
mimi nakunjwa mkavu, na miaka yangu hamsini na miwili,
na kila uzi nililia kwa jina la mama.

Mbaraka alileta uji wa mtama kwenye chupa,
akaushika mguu kisiginoni kama alivyoagizwa,
akahesabu kwa sauti mpaka kumi.
Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyoniambia
tangu Mfunguo Tisa.

Leo nyuzi tisini. Wanasema huenda zisizidi.
Kwa kusujudu hazitoshi, kiti bado kiko kwenye mkeka wangu.
Kwa ngazi zinatosha.
Baiskeli, Semgaya anasema tutaona.

Jana niliweka mguu wa kulia juu ya pedeli ya cherehani.
Haukukumbuka kazi: mshono ukaenda kombo, ukajikunja, ukakatika.
Nikapindua kitambaa, nikaufumua wote,
polepole, kwa ncha ya sindano,
na Mbaraka, mlangoni, akauliza kama nataka taa isogezwe.

Isogeze, nikasema.
Pia, nikasema, leta na kiti chako.